Tupeane uzoefu: kuni za kipupwe mnanunua lini na mnazihifadhije?

Tandala, Makete (mwenye uzi)

Habari zenu wadau. Huku Makete, Juni na Julai zipo asubuhi unafungua mlango nyasi zote zimeshika barafu, na upande wa Kitulo ndiyo usiseme. Gesi tunayo ya kuchemshia chai, ila ya kupasha nyumba joto usiku kucha nani ataimudu? Tunategemea kuni.

Tatizo letu ni kalenda. Mvua zinaanza Novemba, zinakatika Aprili au Mei, na baridi inaingia hapo hapo. Anayesubiri Mei ndipo atafute kuni anauziwa mti ulionyeshewa msimu mzima. Nje umekauka, ndani umejaa maji. Mimi nanunua Septemba kwa ajili ya Juni ya mwakani. Zinachanjwa siku zinaposhushwa, zinapigwa jua la Septemba na Oktoba, na mvua ya kwanza inazikuta bandani. Nasema wazi: kwetu huku simwamini muuzaji wa kuni kavu mwezi wa tano hata aape. Kuni kavu unazikausha mwenyewe, nyumbani kwako.

Kila mmoja aeleze ya kwake: mti gani, unanunua vipi, unapanga wapi, unajuaje umekauka. Bei tuziache, zinatofautiana mno kijiji na kijiji.

Njombe mjini

Mwenye uzi umesema kweli tupu. Sisi tegemeo letu ni miwati. Mti huu uliletwa kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama, na kampuni kubwa ya miwati ya hapa ipo tangu 1949. Kwa mnunuzi wa kuni hili lina maana: mti uliovuliwa gome hukauka upesi zaidi, maana gome ndilo linalofungia maji ndani. Kwa hiyo nikifika shambani kwa mtu swali langu la kwanza ni kama magome yameshauzwa. Yakiwa yameuzwa, nachukua mzigo wote.

Kujua umekauka, shika vipande viwili uvigonganishe. Kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inajibu kwa kishindo kizito. Angalia kichwa cha kipande, utaona nyufa zinatoka kwenye kiini kwenda pembeni. Ila nyufa peke yake zisikutoshe, gogo nene linaweza kupasuka vichwani huku tumbo lake bado bichi. Chanja kimoja mbele ya muuzaji, uweke shavu kwenye sehemu iliyotoka kupasuka. Ukisikia ubaridi wa maji, ujue bado. Na siku ya kuwasha, ukiona povu linachemka kwenye ncha ya ukuni na inatoa mlio wa mvuke, toa hiyo, rudisha bandani. Moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji ya mti badala ya kukupa joto.

Mafinga

Wengi wetu hapa tunachoma mabanzi ya viwanda vya mbao, misindano, yaani mipaina, ya shamba la miti la Sao Hill. Yanapatikana mwaka mzima, kirikuu kimoja kinajaza uchochoro. Yakianikwa vizuri yanakauka ndani ya miezi michache ya jua, na hakuna cha kuwashia moto kinachoyashinda. Kasoro ni kwamba yanawaka na kwisha, hayaachi makaa ya kukaa nayo mpaka usiku. Na yakiwa mabichi ule utomvu na ule mvuke vinapanda pamoja, dohani inajaa masizi ya kunata. Masizi hayo yakishika moto juu huko, paa liko hatarini. Mwenye dohani aisafishe kila mwaka kabla ya Juni.

Ninachofanya ni kuchanganya: mabanzi ya kuwashia, mlingoti wa kukaa na moto. Mlingoti, wengine mnauita mkaratusi, chanja ungali mbichi. Ukiuacha ukauke ukiwa gogo, nyuzi zake zimejisokota na shoka linadunda.

South Kinangop, Kenya

Salamu kutoka upande wa Aberdare. Kalenda yetu si kama ya Makete lakini shida ni ile ile. Mvua ndefu Machi hadi Mei, halafu Julai inaingia na ule ukungu usioondoka mpaka saa sita mchana. Jua letu la kukausha ni Januari na Februari. Kwa hivyo kuni za Julai naziagiza Disemba, watu wakiwa kwa sherehe, na wauzaji wakati huo hawana haraka.

Nataka kuongea kuhusu kipimo. Hapa tunanunua kwa lori, na lori linapangwa na anayeuza. Kuna mmoja aliniletea kanta iliyojaa mpaka juu, lakini zilikuwa zimepangwa kwa kukingamana, katikati kukiwa na mapengo ambayo mtoto angeingia. Pembeni mukima kavu, ndani saipresi mbichi. Siku hizi silipi kabla mzigo haujashushwa na kupangwa sambamba ukutani kwa banda. Nimeweka alama za mita kwenye nguzo, kwa hivyo mimi na yeye tunaona kitu kimoja. Anayekataa kupimiwa namwambia asante, aende salama.

Mama wa Lushoto

Wanangu, mmesema mengi ya kununua, mimi niseme ya kuhifadhi. Usizilaze kuni chini. Mchwa watakula nusu kabla wewe hujachoma nusu, na wakimaliza kuni wanaingia kwenye milango. Mimi nina mawe, juu yake nimelaza miti miwili mirefu, juu ya miti ndiyo kuni. Mkono upite chini yake bila kugusa kitu. Na zisigusane na ukuta wa nyumba; acha nafasi, upepo upite nyuma na paka naye apite. Unapochukua, chukua kuanzia juu, na usiingize mkono usipopaona. Nge na nyoka wanapenda rundo la kuni, na watoto ndio wanaotumwa kuzileta.

Uchaga juu ya moto ninao pia, kama alivyokuwa nao mama yangu. Lakini huko napandisha kuni za wiki hii tu. Kuni za msimu mzima juu ya moto ni kujitafutia ajali.

Njombe mjini

Shikamoo mama. Hili la mkono kupita chini nalichukua leo leo.

Hamar, Norwe

Marahaba kwa uzi huu. Mimi ni mtu wa Moshi, ninaishi Norwe, na hapa kuni ni jambo zito kabisa. Tunachoma zaidi bjørk, ule mti wa gome jeupe. Unakatwa mwishoni mwa majira ya baridi, unachanjwa mapema, unakaushwa na upepo wa masika na jua la kiangazi, na Oktoba uko tayari. Wenyewe huku wanauza kwa favn, rundo la mita 2 kwa mita 2 la vipande vya sentimita 60, yaani mita za ujazo 2.4. Ukinunua zilizomwagwa kwenye gunia kubwa, fahamu kuwa gunia la lita 1,000 ukilipanga vizuri unapata kama theluthi mbili tu. Ndugu wa Kinangop, alama zako za nguzoni ndizo dawa yenyewe.

Nina kipima unyevu, kidude chenye sindano mbili. Kanuni ni kuchanja ukuni kwanza na kuchoma sindano kwenye uso mpya wa katikati, kwa sababu vichwani utapata jibu la kukufurahisha tu. Kinachotafutwa ni chini ya asilimia 20. Uingereza wamelifanya sheria: tangu Mei 2021, England, kuni zinazouzwa kwa mizigo midogo ya chini ya mita za ujazo 2 lazima ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Mti uliotoka kukatwa unaweza kuwa nusu yake maji, kwa hiyo pigeni hesabu mnabeba nini mgongoni.

Zahanati, wilaya ya Njombe

Naomba nisikilizwe kwenye hili, maana linanikosesha usingizi kila Juni. Kuni zikiwa mbichi, watu wanakimbilia mkaa. Jiko la mkaa linawashwa nje, likishakolea linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, matambara yanazibwa madirishani, familia inalala. Mkaa hauna moshi kwa hiyo wanaona ni salama. Hewa yake yenye sumu, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito unaomfanya mtu asiweze hata kufika mlangoni. Tunaletewa watoto alfajiri.

Jiko litoke chumbani kabla hamjalala, hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Mwenzenu akilalamika kichwa mkiwa mmezunguka jiko, wote tokeni nje kwanza, hewani, ndipo muulizane. Mwenye banda la kuni kavu na jiko lenye dohani hashawishiki kuingiza mkaa chumbani, ndiyo maana nimefurahi kuuona uzi huu.

Tandala, Makete (mwenye uzi)

Dada wa zahanati, Mungu akubariki. Nitaisoma sehemu hii kwenye jumuiya yetu.

Kuna aliyeniuliza faragha kuhusu turubai. Jibu langu ni kwamba turubai lifunike juu tu, lishuke kidogo upande wa mvua, mbavu zibaki wazi. Ukilifunga rundo mpaka chini, maji yanayotoka kwenye kuni yanagota kwenye nailoni na kurudi chini. Utakuta ukungu mweupe na uyoga. Mwenye bati chakavu alitumie hilo, ni bora kuliko turubai.

Kijana wa Mafinga

Samahani wakubwa, swali. Huku kuna vipande vya nguzo za umeme vinapatikana kwa bei ndogo sana, ni vikavu kabisa. Vinafaa?

Mafinga

Mdogo wangu, hapana, hapana kabisa. Vile vyenye rangi ya kijani vimeshindiliwa dawa ya kuzuia mchwa, na aina inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Ukichoma, sumu inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu ya jikoni mama anayamwaga bustanini. Hata vile vyeusi vinavyonuka lami, usivisogeze kwenye moto. Vifanye nguzo za banda lako la kuni, hapo vitakufaa miaka mingi. Mabanzi njoo nikuonyeshe ninapochukua, Jumamosi nitakuwepo.