Tupeane uzoefu: wimbo ukikuganda kichwani, unautoaje?

Fundi Cherehani
Wakuu, nimeamka saa nane usiku, nimekaa kitandani, kichwani spika inaita: "Elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe, elfu mbili!" Nashona Kariakoo. Jirani yangu anauza blauzi za mtumba, amejirekodi, spika inajirudia toka saa mbili asubuhi mpaka jua linazama. Betri ikiisha nguvu sauti inakuwa nzito, inaburuza, basi hata ule mburuzo nao umenikaa. Simlaumu, ndiyo riziki yake. Lakini jana kwenye Isha nimefika tahiyatu sijui nimeswali rakaa tatu au nne, maana kila nikiinuka nakutana na "chagua mwenyewe". Nimeleta sijida ya kusahau, nikamaliza, nikalia. Aliyepitia hili alitokaje?

Mzee wa Tandika
Pole dada. Hiyo ya betri kuisha naijua vizuri sana.

Mwalimu S.
Nafundisha saikolojia. Wajerumani wanaita Ohrwurm, yaani mdudu wa sikio, na karibu kila mtu humpata. Kinachonasa ni kipande kifupi, chepesi kuimbika, ulichokisikia mara nyingi. Na kinakuja akili ikiwa imelegea: unaosha vyombo, unatembea, unasubiri usingizi. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik aliandika kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko iliyomalizika. Wapo wanaoeleza jambo hili kwa njia hiyo: kipande hakina mwisho, akili inakirudia ikiutafuta. Kwa hiyo imba wimbo wote mpaka mwisho.

Kondakta
Mwalimu, tangazo la elfu mbili mwisho wake uko wapi?

Mwalimu S.
Hapo umenibana. Basi atafune bigijii. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwasikilizisha watu wimbo unaonasa, wakaona wanaotafuna unawarudia mara chache zaidi. Ukiimba kimoyomoyo unatumia njia zilezile za kusemea, sasa taya likiwa na kazi nyingine wimbo unakosa pa kupita.

Abuu wa Tanga
Bigijii kwenye swala? Huo ni wasiwasi wa shetani, tena unaijia ibada makusudi. Dada, jilinde kwa Mola wako, mengine waachie wenyewe.

Mwanakwaya
Ustadhi, kwa heshima zote, mimi pambio la Jumapili linaniganda mpaka Alhamisi. Hilo nalo la shetani?

Abuu wa Tanga
Nimezungumzia swala yake, sikuzungumzia kwaya yako. Usinilishe maneno.

Kondakta
Weka wimbo mwingine juu yake, mkali zaidi. Moto kwa moto.

Mama Wawili
Usimsikilize, utabaki na nyimbo mbili. Mimi nilijikaza nisiuwaze, ndiyo ukazidi.

Mwalimu S.
Mama Wawili kasema kweli. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe, na dubu akawa anawajia tu. Uache upite. Ila ukisikia muziki kama unatoka nje, chumbani, na hakuna unapopigwa, nenda ukapimwe masikio. Huwatokea hasa wazee wanaopoteza usikivu.

Mpemba wa Maskati
Nimesoma kimya toka mwanzo, sasa niseme na mimi.

Mama yangu akikuna nazi jioni alikuwa akiimba. Kaikalia mbuzi, sinia chini, anaimba kwa pua, mkono ndio unaompigia: kruu, kruu, mstari mmoja, kruu, kruu, mstari wa pili. Akifika wa tatu nazi imekwisha, anagonga kifuu kwenye sinia, ta!, anachukua kingine, anaanza upya. Miaka yote ya utoto wangu sikuusikia mstari wa tatu, na sikuuliza.

Amefariki 2017 mimi niko huku. Nimeambiwa kwa simu, maziko sikuwahi. Usiku ule nyimbo ikaanza. Mistari miwili, kifuu, mwanzo. Mistari miwili, kifuu, mwanzo. Nalea bibi mmoja wa Kiomani, nikimsukuma kwenye kiti chake magurudumu yanakuna nazi. Nilikwenda mpaka kwa daktari. Akaniuliza, unaisikia masikioni au kichwani? Nikamwambia kichwani, kwa sauti yake mwenyewe. Akasema huo si ugonjwa, ni msiba.

Nimempigia shangazi, naye anaijua mpaka palepale. Nyie mnatafuta dawa ya kuitoa. Mimi sasa inanijia mara moja kwa mwezi, na mwezi ukipita haijaja sina raha.

Mama Wawili
Ya Rabi. Nimeacha chakula jikoni.

Fundi Cherehani
Dada, maneno yake ni yapi?

Mpemba wa Maskati
"Usilie mwanangu, dau limetoka Wete. Baba yumo ndani, kakuchukulia pete." Kisha kifuu.

Kijana wa Mkoani
Subiri! Bibi yangu anaimba hivyo, ila kwake dau limetoka Tumbe.

Kondakta
Tumbe na pete havina vina. Ni Wete.

Kijana wa Mkoani
Kwake si pete, ni pembe. Na mbele yake kuna maneno mengine, mimi nilikuwa nishalala.

Mwalimu S.
Kijana, mrekodi bibi haraka.

Mwanakwaya
Mimi naomba asirekodiwe. Akipata mwisho wa bibi wa watu, wa mama yake atausikia wapi tena?

Abuu wa Tanga
Hapa tuko pamoja. Aachiwe kama alivyoachiwa na mama yake.

Fundi Cherehani
Mwacheni aamue mwenyewe. Mimi kesho nampelekea jirani chai, nimuombe aizime walau adhuhuri mpaka alasiri.

Mpemba wa Maskati
Kijana, bibi yu hai?

Kijana wa Mkoani
Yu hai, masikio tu mazito. Ijumaa niko kwake. Nikiupata niuandike hapa?

Mpemba wa Maskati
Usiuandike. Mpe nazi akune, umrekodi akiimba. Na kifuu akigonge.