Mjadala: Boila ya garimoshi dogo, shaba ya bure iruhusiwe?

Fundi wa Langoni: Assalamu alaykum jamaa. Vijana wa karakana ya mtaa wetu hapa Lamu wanaunda garimoshi dogo, urefu wa mkono mmoja, la kuwashwa moto na kutembea kwa mvuke siku ya maonyesho. Magurudumu na pistoni viko tayari. Ugomvi ni boila, kile chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke. Wenzangu wanataka bomba la shaba njano lililotolewa kwenye boti bovu, liungwe kwa risasi, kwa kuwa ni bure. Nimekataa, nikaitwa mzuia maendeleo. Semeni nanyi.

Mimi nina skurubu ya shaba njano hapa mezani, imekaa miaka kwenye boti. Kwa nje ni nzima. Mwenzake nilimbana kwa koleo akakatika kama biskuti, na ndani rangi yake ni ya waridi. Shaba njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi na maji ya moto huila ile zinki, ikabaki shaba yenye vitundu kama sifongo. Na maji ya visima vyetu mnayajua ladha yake. Mwili wa boila uwe shaba nyekundu. Koki na vali ziwe bronzi ya bati.

Wa Mkomani: Fundi, siwa ya Lamu ni ya shaba na ipo mpaka leo. Mdila wa kahawa unakaa juu ya makaa kila jioni, umewahi kumlipukia nani? Shaba nyekundu bei yake haishikiki. Hawa ni watoto wa mtaa, si kampuni ya reli.

Fundi wa Langoni: Kaka, siwa hupigwa kwa pumzi. Mdila nao una mdomo wazi, mvuke ukitaka kutoka unatoka zake. Boila imezibwa. Kwenye shinikizo la bar 4, ndiyo kazi yake, maji hufika nyuzi 152 hivi kabla ya kuchemka, na risasi ya kulehemu huyeyuka karibu na 183. Kabla ya hapo imeshalegea. Kijana akisahau maji yakapungua, bati la juu ya moto likabaki kavu, hizo nyuzi 30 zinaliwa mara moja. Lehemu ya fedha haiyeyuki mpaka upite 600.

Mama wa Shela: Mwanangu yumo humo. Mambo ya zinki siyajui. Ikipasuka, inapasukaje?

Fundi wa Langoni: Vibaya, dada. Maji yakigeuka mvuke hutanuka kama mara 1,600. Kwa hiyo hupimwa kwanza kwa maji baridi: unajaza hadi hewa yote itoke, unapiga pampu ya mkono hadi mara mbili ya kazi yake, yaani bar 8, unaitazama geji. Maji hayabanwi, penye ufa yatachuruzika tu. Atakayeipima kwa hewa ya kompresa nitamfukuza karakana mwenyewe.

Mchomeleaji, Malindi: Mnahangaika bure. Mabati ya chuma kisichoshika kutu yamejaa huku, yametoka majiko ya mahoteli. Nitachomelea siku moja.

Fundi wa Langoni: Chumvi hukipasua chuma hicho kikiwa kimevutwa na kina joto, nyufa kama nywele, huzioni. Tena joto hakipitishi. Shaba nyekundu hukishinda zaidi ya mara 20, utachoma mkaa mpaka usiku. Chuma cha kawaida ningekubali, bati likiwa nene la kustahimili kutu na mchomeleaji awe amefuzu kazi ya boila. Cheti unacho?

Mchomeleaji, Malindi: Cha boila sina.

Fundi wa Langoni: Shaba nyekundu isipopatikana, basi tuliendeshe kwa hewa ya kompresa kupitia bomba la mpira, bar 1 au 2, boila tuiache mwaka huu.

Wa Mkomani: Garimoshi bila moshi ni pilau bila bizari! Watu watatucheka. Kuna fundi wa majokofu huko Malindi ana kipande kinene cha shaba nyekundu, nitamwendea Jumamosi. Lakini hiyo skurubu usiitupe. Nataka niivunje mimi kwa mkono wangu.