Mjadala: India ihesabu kasti zote vijijini, au iache?

Kigoda (mleta mada): Wakuu, heshima kwenu. Kasti ni yale matabaka ya India ambayo mtu huyarithi kwa kuzaliwa. Chukueni jedwali la sensa ya 2011 la kijiji chochote cha jimbo la Bihar. Mtakuta idadi ya kaya, wanaume, wanawake, watoto wa miaka 0 hadi 6, wanaojua kusoma, wenye kulima mashamba yao, vibarua wa mashambani. Halafu kuna kasti zilizoorodheshwa kisheria, yaani Dalit, wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa, na makabila yaliyoorodheshwa. Basi! Brahmin wa kasti ya juu mwenye ardhi, Yadav mfuga ng'ombe na kinyozi asiye na hata kiwanja wote wamo kapu moja lisilo na jina.

Kasti zote zilihesabiwa na kutangazwa mara ya mwisho 1931, enzi za Mwingereza. Tume ya Mandal, ya serikali, ilipotoa ripoti 1980, ilibidi irudi kwenye takwimu hizo hizo kukadiria kwamba kasti za nyuma, yaani zilizoachwa nyuma kimaendeleo ila si Dalit, ni 52% ya watu. Aprili 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa ijayo itauliza kasti. Naunga mkono. Nyie je?

Bint Saidi: Mimi siungi mkono. Sensa ya 1901, chini ya Risley, afisa wa Kiingereza, ilizipanga kasti kwa heshima, nani juu nani chini. Watu wakaanza kumiminia serikali maombi ya kupandishwa daraja. Sisi Tanzania sensa haiulizi kabila, tumepungukiwa nini?

Mzee wa Kahawa: Dada yangu, hapo umeteleza. Kule mtu akitaja jina la ukoo tu, ameshajulikana. Vitongoji vyenyewe vimegawanyika, na cha Dalit mara nyingi kiko ukingoni mwa kijiji. Karani asipouliza, kwani jirani atasahau?

Bint Saidi: Jirani hagawi ajira serikalini, mzee. Bihar walihesabu wenyewe, wakatangaza 2023: kasti za nyuma kabisa 36%, za nyuma 27%, zisizotengewa chochote kwa kasti 15.5%. Kilichofuata? Nafasi za ajira serikalini na za masomo zilizotengwa kwa kasti zikapandishwa kutoka 50% hadi 65%. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Patna, ya jimbo hilo hilo, ikafuta nyongeza hiyo. Zoezi zima likaishia kwenye kugombea asilimia.

Kigoda: Sasa si ndiyo tumejua kwamba kundi kubwa kuliko yote ni hao wa nyuma kabisa, ambao hatukuwa tukijua wako wangapi? Hilo peke yake limelipa gharama.

Karani Mstaafu: Mnabishana bila kufikiria dodoso. Mwaka 2011 serikali ilifanya zoezi jingine, nje ya sensa, ikawaacha watu wataje kasti wenyewe. Yakaja majina zaidi ya milioni 4.6! Mwaka 1931 zilikuwa 4,147. Mmoja kataja ukoo, mwingine kasti ndogo, mwingine tahajia yake. Takwimu za kasti hazikutolewa mpaka leo. Bila orodha iliyofungwa kabla makarani hawajaingia kijijini, mtarudi pale pale.

Bint Saidi: Na orodha anaifunga nani? Mwenye nguvu.

Msafiri wa Lindi: Mmewasahau Waislamu. Amri ya serikali ya 1950 iliwapa haki za Dalit, kama nafasi zilizotengwa, Wahindu tu. Masingasinga wakaongezwa 1956, Wabuddha 1990. Muislamu wa ukoo wa wafagiaji anashika ufagio ule ule, lakini kwenye safu ya Dalit hayumo. Mkuu Kigoda, hiyo sensa yako itamwandika wapi?

Kigoda: Ataandikwa kasti yake, na dini yake pembeni. Bihar walifanya hivyo hivyo. Haki hiyo hataipata kwa sensa, lakini serikali haitaweza tena kusema haijui wako wangapi.