Gunia 320 za mahindi Songea–Dar kwa semi ya ekseli sita: zitapita mizani?

Ruvuma_Mahindi
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Kikundi kina mahindi ya kupeleka Dar kutoka Songea. Tumepata semi ya ekseli sita: kichwa chenye difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari) na tela la ekseli tatu, nyuma kote tairi pacha. Mwenye gari anasema sheria inaruhusu tani 50, gari tupu ni tani 18, kwa hiyo gunia 320 za kilo 100 zinaingia sawasawa. Dereva anagoma, anasema mwisho 300. Tuna pia Fuso ya ekseli mbili, tunataka ibebe gunia 100. Nani yuko sahihi?

Difu_Mbili
Dereva yuko sahihi. Tani 50 ni jumla tu ya vipimo vya ekseli: stelingi (ekseli ya mbele) 8, difu mbili kwa pamoja 18, ekseli tatu za tela 24. Hizo ndizo namba za sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Mizani haipimi jumla peke yake. Kila kundi la ekseli linasomwa kivyake, na moja likizidi umekamatwa hata kama jumla iko chini.

Tatizo la semi ni stelingi. Sehemu ya mzigo wa tela inakaa kwenye pini (kiungo cha tela na kichwa), na pini iko karibu na difu, kwa hiyo stelingi haiongezeki sana. Tuseme gari tupu lina tani 5.5 stelingi, 6 kwenye difu na 6.5 kwenye tela. Ukipakia mpaka difu ifike 18, stelingi itakuwa imefika kama 6.5 tu. Hapo pini imebeba tani 13. Tela linaweza kuongezewa 17.5. Jumla ya mzigo ni tani 30.5, gari lote 48.5. Ile tani moja na nusu iliyobaki chini ya 50 ni nafasi ya stelingi, huwezi kuifikia kwa kurundika gunia kwenye tela. Ukilazimisha 32, ama difu ama tela litazidi.

Na hiyo 30.5 inapatikana tu kama mzigo umepangwa vizuri kabisa. Gunia 300 ni namba ya mtu anayejua kazi yake.

Ruvuma_Mahindi
Nimekuelewa. Mwenye gari anasema kuna asilimia 5 ya nyongeza inayovumiliwa. Je, hiyo haisaidii?

Difu_Mbili
Hiyo ni ya ekseli, kwa ajili ya mzigo unaohama njiani na tofauti za mizani. Kwa difu ni kilo 900. Ukiipakia tangu Songea, ukifika kwenye mteremko gunia zikasogea mbele kidogo huna tena pa kuegemea. Halafu njia yenu ina mizani nyingi: Makambako, Wenda, Mikumi, Mikese, Vigwaza. Kupita ya kwanza si tiketi ya kupita ya mwisho.

Kipimo_Halali
Mbona hakuna aliyeuliza hizo gunia zina kilo ngapi? Hesabu yote hapo juu inadhani gunia ni kilo 100. Kama ni lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), mmekwisha. Gunia 300 za kilo 115 ni tani 34.5. Sheria ya vipimo nayo inakataa gunia la mazao kuzidi kilo 100, kwa hiyo mtakuwa na makosa mawili kwenye gari moja.

Fanyeni hivi: chukueni gunia 10 bila kuchagua, kutoka kwa wakulima tofauti, pimeni moja moja, tafuteni wastani. Gawanyeni kilo 30,000 kwa wastani huo. Ukipata 106, gari libebe gunia 283. Mwisho wa ubishi.

Na unyevu je? Mahindi yakiwa na asilimia 18 badala ya 13.5, tani 30 zina kama tani moja na nusu ya maji ya ziada. Mnalipa nauli ya maji mpaka Dar, na mnunuzi anayetaka 13.5 atayakataa au atakata bei. Anikeni kwanza.

Fundi_Springi
Kwenye Fuso ndipo watu wengi wanapigwa, kwa sababu wanaangalia jumla. Ekseli mbili ni 8 mbele na 10 nyuma, jumla 18. Mtu anasema Fuso tupu ni tani 6.4, nikiweka 10 ni 16.4, niko salama. Sasa tazama.

Chukua Fuso yenye tani 3.4 mbele na 3.0 nyuma, umbali kati ya ekseli mita 5. Katikati ya mzigo ukiwa sentimita 80 mbele ya ekseli ya nyuma, mbele inapata 0.8 kugawa kwa 5, yaani asilimia 16. Kwa gunia 100, mbele inapanda hadi 5.0, nyuma inafika 11.4. Umezidi kwa tani 1.4, hata ule uvumilivu umeuvuka.

Kwa upangaji huo mwisho ni tani 8.3, gunia 83. Ukiusogeza mzigo mpaka katikati yake iwe mita 1.2 mbele ya ekseli ya nyuma, nyuma inabeba asilimia 76 na unaweza kupakia tani 9.2. Gunia tisa za bure kwa kupanga tu! Kwa vitendo: anza kwenye ukuta wa mbele, jaza mpaka juu, safu za nyuma ziwe fupi. Utingo wengi hufanya kinyume kwa sababu kupakia nyuma ni rahisi. Na angalia kibati cha mtengenezaji. Kikisema uzito wa chini ya huo, fuata kibati, springi na breki hazisomi sheria.

Msidhani Fuso inaruhusiwa kupitiliza mizani. Gari lolote la kuanzia kilo 3,500 linatakiwa kuingia.

Ruvuma_Mahindi
Asanteni sana. Tukikuta difu imezidi lakini jumla iko sawa, tunafanyaje pale pale?

Difu_Mbili
Kama jumla haijazidi, ombeni kupanga upya mzigo. Hesabu yake: uzito unaohamishwa zidisha kwa umbali, gawa kwa umbali kutoka pini hadi ekseli ya kati ya tela. Gunia 20 (tani 2) zikirudishwa nyuma mita 3, kwenye tela la mita 8, zinatoa kilo 750 kwenye pini, karibu zote zikiwa za difu, na kuzipeleka kwenye ekseli za tela. Kwa hiyo angalieni kwanza kama tela lina nafasi hiyo. Jumla ikizidi, kupanga hakusaidii: mnalipia ziada na mzigo unashushwa, nanyi mnatafuta gari la pili mkiwa barabarani.

Kabla ya kupakia, pimeni gari tupu likiwa na mafuta kamili, ekseli kwa ekseli. Lita 800 za dizeli ni karibu kilo 670, na kila mtu huzisahau. Juu ya mizani dereva asimame taratibu, aachie breki, gia iwe huru. Breki iliyobana inasukuma uzito kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Kama tela lina ekseli ya kunyanyua, ishushwe kabla ya kuondoka Songea.

Fundi_Springi
Na turubai liwe zima. Gunia za katani au sandarusi zilizolowa mvua ya Njombe zitaongeza kilo ambazo hamkuzipakia.