Naomba ushauri: fimbo ya kuvulia besi mtoni

Habari zenu wakuu. Naishi Harrisburg, Pennsylvania, na tangu mwaka jana nimenogewa na kuvua besi wa mdomo mdogo (samaki anayeitwa smallmouth bass kwa Kiingereza) katika mto Susquehanna. Kiangazi maji hushuka, naingia mpaka magotini na kurusha kati ya miamba.

Shida yangu ni fimbo. Niliyonayo ni ya futi 6, nzito, nilinunua bila kuuliza mtu. Chambo cha mpira cha aunsi 1/8 hakifiki mbali, na chubwi ikigonga jiwe chini sihisi kitu mkononi. Jumamosi samaki alikula, mshipi ukasogea pembeni taratibu, mimi bado nadhani ni mkondo. Nilipovuta alishatema. Iliniuma sana, maana huyu samaki akinasa huruka juu ya maji na kupigana kuliko ukubwa wake.

Sasa nataka fimbo ya rili ya spining (kikunjio cha mshipi kinachoning'inia chini ya fimbo), bajeti dola 100, rili ninayo. Nimeshika mbili dukani: moja futi 6 na inchi 6, ya ugumu wa wastani, nyingine futi 7, laini kidogo kuliko hiyo, ncha yake inarudi haraka ikipindwa. Moyo wangu uko kwa ya futi 7, ila nahofia itakosa nguvu samaki mkubwa akikimbilia kwenye mkondo mkali. Pia matawi ya kingoni yananisumbua, na fimbo ndefu itayagonga zaidi.

Natumia mshipi wa kusuka wa ratili 10. Mnaovua mito ya mawe kama huu, mngechukua ipi?