Mrejesho: gharama juu ya bei ya nyumba Ujerumani

Wakuu, niliuliza ukinunua nyumba Ujerumani unaongeza kiasi gani juu ya bei. Jibu, kwa fleti ya yuro 300,000 Berlin: kodi ya ununuzi 6%, yaani 18,000 (Bavaria ni 3.5% tu, kwa hiyo angalia jimbo kwanza), notari (mwanasheria anayethibitisha mkataba) na daftari la ardhi kama 2%, 6,000, dalali, akiwepo, mara nyingi 3.57%, 10,710. Jumla 34,710, na benki nyingi hutaka hizo zitoke mfukoni mwako.

Makabati ya jikoni yakiandikwa kando kwenye mkataba kwa thamani yake halisi, tuseme 8,000, hayatozwi kodi hiyo: umeokoa 480.

Usicheleweshe kodi. Bila cheti cha ofisi ya kodi kwamba umelipa, jina lako haliingii daftarini, hata kama muuzaji keshalipwa.