Mafundi wa Chevrolet 350, acheni kuhukumu injini za watu bila kupima presha ya oili!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, na nadhani ni haki yangu.

Haipiti wiki bila mtu mwenye Camaro, Nova au Chevelle ya zamani yenye injini ya Chevrolet 350 (V8 ya lita 5.7) kuuliza swali lile lile. Taa ya oili inawaka gari likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta), au kuna dimbwi la oili chini ya gia boksi. Anajibiwa nini? "Injini imekwisha, fanya ovahoo." "Funga pampu kubwa ya oili." "Tia oili nzito ya 20W-50." "Hiyo sili ya nyuma ya kreki, shusha gia boksi." Hakuna anayemuuliza geji inasoma ngapi. Akifika gereji fundi naye anatikisa kichwa bila hata kushika spana, mwenye gari analipa pesa ndefu, na siku mbili baadaye oili inadondoka pale pale.

Tuanze na presha, maana hapo ndipo injini nzima zinapotupwa bure.

Geji ya dashibodi ya gari la 1969 si ushahidi. Senso imezeeka, waya umechakaa, na swichi ya taa ni ya kuwaka au kuzima tu, haisemi presha ni ngapi. Kwenye 350, tundu la senso liko juu nyuma ya bloku, pembeni ya distribiuta (kigawa umeme wa plagi), lenye uzi wa inchi 1/8 NPT, yaani uzi wa bomba wa Kimarekani. Kuna tundu jingine upande wa kushoto, juu ya filta ya oili. Chomoa senso, funga geji ya mkono ya psi 0 hadi 100 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha presha), endesha gari dakika 20 mpaka oili yenyewe ipate moto (geji ya maji hupanda mapema kuliko oili), kisha soma mara tatu: sailensa, 2000 rpm (mizunguko kwa dakika) na 4000 rpm. Kazi ya nusu saa. Fundi asiyefanya hili hajapima kitu.

Mafundi wa zamani wa Marekani hutumia kanuni ya psi 10 kwa kila rpm 1000. Lakini vitabu vya GM, kampuni mama ya Chevrolet, vya injini za lita 5.7 za miaka ya 1990, ambazo ni familia hii hii, viliweka kiwango cha chini kabisa kuwa psi 6 kwa 1000 rpm, 18 kwa 2000 na 24 kwa 4000. Kwa hiyo mtu mwenye psi 15 sailensa injini ikiwa moto na 45 barabarani hana injini mbovu! Ana injini nzima yenye senso mbovu, na ninyi mnamwambia auze figo afanye ovahoo.

Namba zikiwa kweli mbaya, angalieni zinavyotembea, maana kila ugonjwa una mwendo wake.

Ikiwa presha ni nzuri asubuhi, inaporomoka injini ikipata moto, halafu inapanda ukikanyaga mafuta, kuna mambo mawili. Ama nafasi za beringi zimepanuka, ama oili imekuwa nyepesi. Anza na la pili, ni bure. Chomoa dipstiki uinuse. Injini hii ina pampu ya petroli ya kimakanika mbele upande wa kulia, na diaframu yake ikipasuka petroli inaingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka, na dipstiki inanuka petroli. Pampu mpya, oili mpya na filta mpya, karibu lita 4.7 za oili, na presha inarudi. Kuna watu walishushiwa injini kwa ugonjwa huu!

Ikiwa presha ni ndogo baridi na moto, usikimbilie beringi. Shusha sampu. Vali ya kupunguzia presha ndani ya pampu inaweza kuwa imekwama wazi kwa uchafu. Bomba la kunyonyea oili limepigwa tu kwa kubana kwenye pampu, likilegea linanyonya hewa. Likirudishwa lishikizwe kwa kulehemu kidogo, na springi ya vali itolewe kwanza kwa sababu moto unaiua. Chujio lake likae milimita 6 hadi 10 kutoka sakafu ya sampu. Kwenye injini iliyofunguliwa karibuni, shuku vizibo vya njia za oili mbele ya bloku, nyuma ya kava ya taiming cheni. Kimoja kikisahaulika, oili inamwagika humo ndani na hakuna tone linaloonekana nje.

Ikiwa presha inapanda vizuri halafu inaanguka kwenye mwendo mkubwa, chujio la kunyonyea limeziba. Hili mara nyingi lina sababu maalumu: 350 nyingi za miaka ile zilitoka kiwandani na gia ya kamshafti (shafti inayosukuma vali) yenye meno ya nailoni. Nailoni ikizeeka inakuwa ngumu, inamegeka, na vipande vinaishia kwenye chujio. Ukivikuta humo, kubadilisha pampu peke yake ni kujidanganya. Badilisha cheni na gia zote mbili kwa za chuma.

Yote hayo yakiwa safi ndipo tuzungumze beringi. Na hata hapo pima, usibashiri. Fungua kepi ya meni beringi (beringi kuu za kreki), futa oili, laza kiuzi cha plastiki cha kupimia juu ya kreki, rudisha kepi kwa torki (nguvu ya kukaza) kamili bila kuzungusha kreki, fungua tena, linganisha upana wa kiuzi kilichobonyea na kadi yake. Karibu inchi 0.002, yaani milimita 0.05, ni nafasi nzuri. Ikikaribia mara mbili ya hapo, umepata mwizi wa presha. Msisahau beringi za kamshafti, kwenye bloku hii oili inazipitia kabla ya kufika meni.

Kuhusu pampu kubwa na 20W-50: vyote viwili vinapandisha namba kwenye geji na kuacha ugonjwa ulipo. Pampu kubwa inaongeza mzigo kwenye gia ya distribiuta, kwa sababu ndiyo inayoizungusha. Na 20W-50 kwenye baridi ya Chicago mwezi wa kwanza inachelewa kufika kwenye tapeti, wakati asubuhi hiyo ndipo zinapoihitaji zaidi. Hayo si matibabu.

Sasa kuvuja. Hapa ndipo ninapochoka kabisa.

Oili haidondoki inapovujia. Inashuka, na upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, kwa hiyo karibu kila uvujaji wa 350 unaishia chini ya kengele ya gia boksi, yaani ile nyumba ya mbele inayoungana na injini. Ndiyo maana kila mtu anasema "sili ya nyuma". Osha injini kwa dawa ya grisi, ikaushe, puliza poda nyeupe, endesha robo saa, kisha tafuta alama ya JUU zaidi na ya MBELE zaidi. Ukianza kuangalia chini umeshapotea.

Mkosaji wa kwanza ni ncha ya nyuma ya manifoldi ya hewa, chini ya distribiuta. Kiwandani waliweka vipande vya koki au mpira pale, navyo vinateleza vikibanwa. Vitupe. Weka mstari wa silikoni wa milimita 5 au 6 juu ya ukingo wa bloku, mbele na nyuma, uache ushike kidogo ndipo ushushe manifoldi. Mkosaji wa pili ni senso ile ile ya oili, inavuja kwenye mwili wake na kuloanisha nyuma yote. Kisha gasketi ya distribiuta, tapeti kava, na filta iliyofungwa juu ya raba ya filta ya zamani. Tapeti kava za bolti nne zinaharibiwa na mafundi wenyewe, wanakaza mpaka bati linapinda kwenye kila bolti. Inatosha inchi-pauni 45, karibu Nm 5. Bati lililopinda linyooshwe kwa nyundo juu ya ubao kabla ya gasketi mpya.

Kabla ya yote hayo, angalia vali ya PCV, ile inayotoa mvuke ndani ya injini. Wengi wameing'oa wakaweka vifuniko vya kromu kwa urembo. Mvuke unaopita ringi za pistoni hauna pa kutokea, presha inajaa ndani, na kila gasketi inaanza kulia. Injini ikiwa sailensa, weka kipande cha karatasi juu ya tundu la kujazia oili. Kikinyonywa, sawa. Kikirushwa, unashughulika na PCV au ringi, na sili mpya hazitakusaidia.

Na ikithibitika ni sili ya nyuma kweli, jamani, angalieni mwaka wa injini! Mpaka 1985, sili ya 350 ni ya vipande viwili na inabadilishwa kutoka chini: shusha sampu, shusha pampu, fungua kepi ya mwisho. Gia boksi HAIGUSWI. Kwenye Camaro ya zamani injini itanyanyuliwa kidogo ili sampu ipite, basi. Sili ya kipande kimoja, ile inayodai gia boksi ishuke, ilianza 1986. Kumtoza mwenye gari la 1970 saa za kushusha gia boksi kwa sili hii ni dhuluma. Mdomo wa sili uelekee mbele, ndani ya injini. Ncha za sili zisikutane na mstari wa kepi, zisogeze kama milimita 10, weka tone la silikoni kwenye ncha hizo, paka oili kwenye mdomo, na linda mgongo wa sili dhidi ya ukingo wa bloku kwa kibati cha plastiki, ili sili isinyolewe. Kepi irudi kwa futi-pauni 70, yaani Nm 95.

Majimaji mengine kwa haraka. Mekundu katikati ya gari ni ya gia boksi. Kama gia boksi ya otomatiki ya TH350 inapungua mafuta bila kudondosha chini na eksozi inatoa moshi mweupe, modyuleta ya vakyumu (kidude cha gia boksi kilichounganishwa na mvuto wa hewa wa injini) imepasuka na injini inakunywa hayo mafuta. Maji ya kupozea injini yakipungua bila alama nje, kumbuka bolti za hedi za injini hii zinaingia kwenye maji, na uzi wake lazima upakwe dawa ya kuziba nyuzi. Oili nzito yenye harufu ya salfa ni ya difu, inatoka kwenye sili ya piniani, pale propela shafti inapoingia.

Mwenye 350 inayomsumbua aweke hapa mwaka wa injini, psi tatu nilizotaja ikiwa moto, hali ya PCV, na picha ya nyuma ya manifoldi baada ya kuosha. Wenye jibu la "shusha injini" waweke kwanza namba walizosoma kwenye geji.